Naomba ushauri: shaba ya maabara au samadi ya punda wetu?

BintiLangoni: Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimepata nafasi ya uzamivu Ujerumani, miaka minne, kugeuza kaboni dioksaidi kuwa kemikali zenye kazi. Msimamizi anataka nitumie umeme na shaba. Shaba ikipitishwa umeme huigeuza gesi hiyo kuwa ethilini, malighafi ya plastiki. Madini mengine, kama ya fedha na bati, hayaifikishi gesi kwenye ethilini.

Moyo wangu uko Lamu. Marehemu babu alikuwa akichoma mawe ya matumbawe kwenye tanuu apate chokaa. Juzi nilipiga hesabu: kilo 100 za mawe safi hutoa kilo 44 za kaboni dioksaidi hiyo hiyo, mbali na moshi wa kuni. Na samadi ya punda, ambayo nayo hutoa gesi, imejaa vichochoroni kila asubuhi. Naogopa kurudi na shaba isiyomfaa mtu wa kwetu. Mama naye auliza, "Mwanangu, uende mbali kote huko kusoma moshi?" Nifanyeje?

MkemiaMstaafu: Waaleikum salaam binti yangu. Mbona wazitenga? Samadi ikioza pasipo hewa hutoa gesi ambayo kama asilimia 60 ni methani, ile inayowaka, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dioksaidi. Humo mna haidrojeni salfaidi kidogo, ile inayonuka yai viza. Salfa ikishika kwenye shaba, ethilini hupungua. Maabara nyingi hutumia gesi safi ya mtungi, kwa hiyo taabu hii hawaioni. Mwombe msimamizi sura moja ya tasnifu iwe juu ya gesi chafu ya samadi. Hapo punda wako wameingia.

BahariaShela: Usisahau umeme. Ukitoka kwenye makaa ya mawe, utazalisha gesi nyingi kuliko utakayotumia. Nasi Lamu tuliupinga mtambo wa makaa mpaka leseni ikafutwa 2019! Iceland waliwahi kuigeuza gesi hiyo kuwa methanoli kwa umeme wa mvuke wa ardhini, na Kenya tuna Olkaria, penye umeme wa aina hiyo.

MamaWawili: Dada, mimi nilimwacha mama Malindi nikaenda kusoma. Swali la moshi ni la kutaka kujua utarudi lini. Kabla hujatia saini, uliza kama ufadhili una tikiti ya likizo. Mimi sikuuliza, nikakaa miaka miwili na nusu bila kumwona.

BintiLangoni: Ahsanteni sana. Usiku huu nimemwandikia msimamizi kuhusu salfa, na la tikiti nimelitia. Mama nimemwahidi Maulidi nitakuwa nyumbani, inshallah.