Naomba ushauri: mwanangu ana usonji, haongei

Habari zenu wakuu. Kijana wangu ana miaka 4, akitaka maji ananivuta kidole mpaka kwenye ndoo. Mtaalamu wa matamshi katufundisha kubadilishana kadi za picha: akinipa ya kikombe, namwekea maji papo hapo. Juzi kaifuata kadi mwenyewe, nikalia.

Sasa mama mkwe kamleta mtu wa "kumtoa sumu mwilini", laki tatu! Tiba ya kutoa madini ya sumu mwilini iliua mtoto wa miaka 5 mwenye usonji kule Marekani mwaka 2005. Namkatalia vipi bila ugomvi?

Na shule: nimpeleke kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu ndani ya shule ya kawaida, au nisubiri kwanza aongee? Waliopitia hili tafadhali.