Miji ya misioni ya Chiquitos, Bolivia: aliyefika anielekeze

Mpiga Kinanda, Dodoma
Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Nafundisha kwaya parokia moja hapa mjini. Akiba yangu yote naielekeza kwenye safari moja: misioni za Wajesuiti, wale mapadre wa shirika la Kikatoliki, za Chiquitos, mashariki mwa Bolivia. Makanisa sita ya huko yamo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1990, na waumini bado wanasali humo. Shida yangu hasa ni muziki. Niende mwezi gani, nianzie wapi, na pesa ikipungua nisiache mji upi? Kuna aliyenishauri nione Concepción tu nigeuze. Moyo umekataa.

Mama Mpwapwa
Milele amina, Mwalimu. Moyo wako umekataa vizuri. Nilifika huko nilipokuwa nasoma Brazil, na mpaka leo nikisikia fidla nawakumbuka wale watu.

Lenga Aprili kuelekea Mei, mwaka wa shufwa. Tangu 1996 kuna tamasha la muziki wa kale kila baada ya miaka miwili, na linapigwa humohumo makanisani. Hakikisha tarehe kabla ya kulipa chochote.

Anzia Santa Cruz de la Sierra. Unapanda San Javier, misioni ya kwanza, ya 1691, kisha Concepción. Hapo simama uziangalie nguzo: kila moja ni gogo zima la mti lililochongwa likajipinda kama kamba kutoka chini hadi juu. Kuta ni udongo, paa limeshuka likafunika baraza pana. Sisi wa nchi ya tembe tunaijua kazi ya udongo na mbao, lakini mbao kuchongwa namna ile sijaona kwingine. San Javier, Concepción na San Rafael ni kazi ya Martin Schmid, padri Mswisi aliyekuwa mjenzi na mwanamuziki, akawafundisha wenyeji kutengeneza ala zao.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo lako. Mwaka 1767 mfalme wa Hispania aliwafukuza Wajesuiti. Mapadre wakaondoka, nota zikabaki kwa wenyeji. Wakazinakili kwa mkono, wakarithishana, karne mbili. Hans Roth, Mswisi mwingine, alipoanza kukarabati makanisa mwaka 1972, zikaonekana kurasa zaidi ya 5,000 za muziki San Rafael na Santa Ana. Leo zimehifadhiwa Concepción. Wanakwaya ndio waliookoa kazi ile, Mwalimu! Waambie wako hilo siku wanapolalamikia mazoezi.

Kwa hiyo usiache Santa Ana. Ni kijiji kidogo, kanisa linatazama uwanja wa majani. Nilimkuta mzee mmoja akimfundisha mtoto fidla. Hakusema neno, anamrekebisha kidole gumba tu kwenye upinde, mtoto anarudia nota ileile hadi inyooke. Lala San Ignacio de Velasco, utafika Santa Ana, San Miguel na San Rafael kwa urahisi. Kanisa la San Ignacio lilijengwa upya, ndiyo maana halimo kwenye yale sita. Malizia San José, lenye uso wa mawe. Pale garimoshi la Santa Cruz linapita.

Mkata Tiketi, Singida
Shikamoo Mama. Mwalimu, epuka Novemba hadi Machi, ni mvua na njia za udongo zinakuwa matope. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kuna ndege ya Addis Ababa hadi São Paulo, kisha unaunganisha Santa Cruz. Ulizia viza mapema, ya Bolivia na ya kupita Brazil. Jifunze Kihispania cha kuombea chakula na njia.

Mpiga Kinanda, Dodoma
Mungu awabariki sana. Mama, je, naweza kuwapelekea nota za misa yetu ya Kigogo? Na zeze?

Mama Mpwapwa
Nota peleka, tena nakala kadhaa, utaacha kila parokia. Zeze ulizia forodha kwanza, wengine hawapendi vitu vya ngozi. Ukifika, muone kiongozi wa kwaya Jumamosi, usingoje misa ianze.