Naomba ushauri: napenda kuzurura na pikipiki, lakini kila nikitoka natumwa

Mwana Soweto
Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nina Boxer 125 ninayoendea kazini. Ninachokipenda kuliko vyote ni kuipiga kiki jioni jua likishapoa na kuondoka tu, bila kujua naelekea wapi. Nusu saa hivi, basi. Juzi nimepandisha barabara ya Machame. Pale njia panda ni joto tupu, lakini ukishaingia kwenye migomba hewa inabadilika ghafla, baridi inapenya mikono ya shati, kuna harufu ya moshi wa jikoni na majani mabichi. Kichwa kinatulia kabisa.

Tatizo, nikishika tu ufunguo kila mtu ana la kunituma. Pitia unga. Mrudishe shangazi Majengo. Nikisema siendi popote, wanaona nina jambo ninaficha. Na mzigo ukishafungwa nyuma, raha imekwisha. Macho yanatafuta duka, hayaoni tena barabara. Wenzangu mnafanyaje? Mke wangu sitaki kumkwaza.

Mzee wa Mpunga
Mkuu, toka alfajiri. Saa kumi na mbili maduka bado yamefungwa, nani atakutuma? Halafu asubuhi ndiyo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana vizuri, kabla mawingu hayajaifunika. Mimi hushuka Mabogini, mpunga kushoto na kulia, nikifika kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC nageuza. Tambarare tupu, unatazama utakacho.

Mama Wawili
Kaka, mimi ni mke wa mtu wa aina yako. Kuzurura kwenu hakutusumbui, kinachotukera ni kutojua mnarudi saa ngapi. Mwambie "narudi saa moja", na saa moja uwe umefika kweli. Unga ununue ukitoka kazini, kabla hajauliza. Na siku moja moja mpakie yeye. Mume wangu alinipeleka Marangu Mtoni bila sababu yoyote, tukala ndizi za kuchoma, tukarudi. Tangu hapo sijamuuliza tena anakwenda wapi.

Fundi Pasua
Yote sawa, ila chombo je? Safari za ghafla ndizo watu wanaondoka na kandambili, helmeti imebaki ukutani. Wengi wanaoniletea pikipiki iliyopinda walikuwa wanaenda "hapo tu".

Ukishuka kutoka Machame usiachie fri, yaani bila gia, kuokoa mafuta. Weka gia ya tatu injini ikushikilie, maana breki za ngoma zikipata moto hazishiki. Upepo wa matairi na cheni kagua mwisho wa wiki. Cheni icheze sentimita mbili hadi tatu, isikaze wala isining'inie. Hapo hamu ikija siku yoyote unawasha unaondoka. Na Machi hadi Mei angalia kona za huko juu, magari yanayotoka njia za vumbi yanaacha tope kwenye lami.

Mwana Soweto
Dada, hilo la unga umenimaliza. Leo nimenunua mapema, nikamwambia narudi saa moja. Hakunituma kitu, ameuliza kama kuna helmeti ya pili! Fundi, saizi yake nitaijuaje?

Fundi Pasua
Nenda naye dukani aijaribu mwenyewe. Afunge mkanda, atikise kichwa. Ikizunguka yenyewe, ni kubwa, mwombe muuzaji ndogo zaidi.