Tenzi za Pate na uraia wa Kenya: tumjibuje mwanafunzi?

Mwalimu, Langoni, Lamu

Assalamu alaykum. Nafundisha fasihi katika shule ya upili hapa Amu. Tulipomaliza Al-Inkishafi, mwanafunzi mmoja aliuliza: ikiwa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliulilia mji wa Pate, na Kenya haikuwapo, mbona utenzi huu unaitwa wa Wakenya? Sikutaka kumjibu kwa maneno ya hotuba za sikukuu. Ninyi mngemwambia nini?

Mpenzi wa tenzi, Siyu

Wa alaykumu salaam, mwalimu. Swali ni la haki, na kijana huyo asinyamazishwe. Mshairi analia kwa ajili ya majumba anayoyajua: vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani, ambamo sasa wanalala makinda ya ndege. Mshairi Mwana Kupona naye alimuusia bintiye kwa utenzi mwaka 1858 akiwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyepigana na majeshi ya Sultani Sayyid Said, kwa hiyo hata usultani wa Unguja, ambao bendera yake ilipepea Mwambao hadi Desemba 1963, nyumba ile haikuupokea kwa mikono miwili. Hawa walikuwa watu wa miji yao. Naona tuwasome hivyo, bila kuwavisha uraia uliokuja baada yao.

Msomaji, Malindi

Kuhusu waliotangulia nakubaliana na ndugu yangu wa Siyu, lakini tukiishia hapo kijana ataondoka akidhani kwamba washairi wa Mwambao hawakuwahi kusema na Kenya, na hilo si kweli hata kidogo. Mpe kitabu cha mashairi, Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akiihoji serikali kama mwenye nyumba anavyohoji mambo ya nyumbani kwake, na akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga kifungoni, kwa Kimvita na kwa vina na mizani tulivyorithi. Kilitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta.

Mwalimu, Langoni, Lamu

Ahsanteni sana. Nitazisoma zote mbili nao, Pate kwanza. Ndugu wa Malindi, ungeanza na shairi lipi?

Msomaji, Malindi

Anza na «Mnazi: Vuta N'kuvute», ambamo Badi na Alii wanagombania mnazi mmoja. Watoto wa Amu hawahitaji kufafanuliwa ugomvi wa mnazi, maana wameusikia majumbani. Waulize tu mnazi ule ulikuwa nini katika Kenya ya wakati ule, na ni nani aliyekuwa akinyimwa nazi.