MREJESHO: Ile skafu ya sufu iliyokuwa inatoka na matobo

Wakuu narudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuona, niliuliza kwa nini skafu zangu za sufu, zile ambazo hazifumwi, nyuzi zinagandishwa pamoja kwa maji na sabuni mpaka ziwe kitambaa, zinatoka na matobo katikati huku kingo nene kama godoro, na mimi sina mwalimu najifunzia tu mwenyewe.

Mliosema naivuta sufu mafungu mafungu mlipatia kabisa. Safari hii nimechomoa vijinyuzi vyepesi hadi meza inaonekana kwa chini, tabaka la kwanza nikalaza kwa urefu la pili kwa upana, nikanyunyiza maji ya moto yenye sabuni, nikafunika na wavu nikasugua taratibu mpaka ikapita ule mtihani wa kufinya, yaani ukifinya nyuzi hazichomoki peke yake, kinanyanyuka kitambaa chote. Hapo ndo nikaanza kuviringisha na plastiki ya mapovu, zamani nilikuwa naparamia kuviringisha tu, haraka zangu hizo.

Ilianza na sentimita 210 ikaishia 140 hivi, kwa hiyo aliyesema nikadirie kusinyaa theluthi, shikamoo yako.

Na ile sufu yangu ya bluu iliyogoma kabisa kushikana? Kumbe ilishatibiwa kiwandani isisinyae kwenye mashine ya kufulia, hiyo hata usugue mpaka asubuhi haishikani ng'o. Nimempa anayefuma.

Ukingo mmoja bado umepinda kidogo ila naivaa hivyo hivyo.