Naomba ushauri: semi inabugia dizeli, nifunge mabati ubavuni mwa tela?

Mwenye Tela: Wakuu, habari za muda huu. Nina semi moja, inapiga Dar–Tunduma. Kwenda na mzigo ilikuwa inakula lita 450, tangu Machi inakula 510. Nozo zimepimwa, matairi yana upepo. Dereva mzuri, anatoka Dar alfajiri, usiku yupo Tunduma. Nimeona malori ya Ulaya yamezibwa ubavuni, upepo usiingie chini ya tela. Nami nikiziba nitaokoa? Marejesho ya mkopo yananinyima usingizi.

Konda Mstaafu: Dereva huyo! Mimi na Fuso yangu niliambiwa hivyohivyo "gari inakunywa", kumbe madumu yanashushwa Chalinze kwa mama mkwe wake. Nililia.

Mama Junia: Huo mkopo mkeo anaujua? Mnakopa kimyakimya, mkibanwa ndiyo mnakuja huku.

Fundi Spana: Tujibu swali jamani. Kuziba ubavu kunasaidia gari likiwa kwenye mwendo, lami imenyooka. Mlima Kitonga unapanda taratibu kama mgonjwa, upepo hauna habari na wewe. Na bati la chuma ni uzito, kila kilo yake ni mzigo unaouacha. Machi kilibadilika nini?

Mwenye Tela: Hakuna.

Fundi Spana: Juu ya kichwa cha gari kuna nini?

Mwenye Tela: Keria ya turubai na tairi la akiba. Kile kibao cha plastiki kilichopinda nilikitoa, utingo hakuwa na pa kuweka turubai. Si urembo tu kile? Na fundi wa mabati nishampa nusu, siwezi kurudi nyuma.

Fundi Spana: Urembo! Bodi yako imekizidi kichwa kimo. Kibao kile ndicho kilikuwa kinaurusha upepo upite juu. Sasa unagonga ukuta wa bodi mchana kutwa. Toa mkono dirishani gari likiwa 80, laza kiganja, kisha kisimamishe. Utaelewa.

Mbishi wa Mbalizi: Hii chai. Kilomita mia tisa na ushee, umejaza, mizani Vigwaza, Wenda, Makambako, Mpemba, mbugani Mikumi 50, ufike siku hiyohiyo? Huna semi wewe.

Konda Mstaafu: Chai ya tangawizi 😂

Mwenye Tela: Naapa ninayo. Sijawahi kusafiri nayo, ndivyo dereva anavyoniambia kwenye simu.

Fundi Spana: Basi ama anakudanganya, ama tambarare anapiga 100 na sheria ni 80. Kutoka 80 hadi 100, nguvu ya upepo unaokusukuma nyuma inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Safari ijayo panda naye.

Mbishi wa Mbalizi: Kibao kiko wapi? Weka picha.

Mwenye Tela: Nyuma ya nyumba. Kuku wametagia chini yake, mmoja analalia.

Mama Junia: Usimguse mpaka aangue.

Fundi Spana: Siku 21 hizo. Mabati yasimame kwanza.

Mwenye Tela: Fundi hapokei simu.