Re: Re: Dogo anataka Nissan March ya mwaka 2000, tumwambieje?

Dogo wa Coventry:

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Leseni ya hapa Uingereza nimepata juzi juzi, na kuna mzee mmoja mtaani kwetu anauza Micra ya mwaka 2000, ile nyumbani tunaiita March, kijani, vioo vya kuzungusha kwa mkono, anataka paundi 650. Aisee nimeipenda. Wenzangu wanachukua magari ya mkopo, mimi deni sitaki. Shida ni bima, hela wanayoitaja inanunua gari hiyo mbili na chenji inabaki, ndo maana mama anasema tuandike yeye ndiye dereva halafu mimi niendeshe. Baba anacheka tu, anasema nanunua mkweche. Mnasemaje?

Mjomba wa Reading:

Marahaba dogo, hongera kwa leseni. Mzee wako mwache acheke, mkweche ndo unaomfundisha mtu gari. Hizo Micra zilikuwa zinaundwa hapa hapa Sunderland, na mwaka 1993 modeli hiyo ilichukua tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Ulaya, ya kwanza ya Kijapani kuichukua. Injini yake inatumia cheni siyo mkanda, ukiiwekea oili kwa wakati inakwenda. Kinachoua gari hizi ni kutu bwana. Huku majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani, na sisi watu wa Tanga tunajua chumvi inavyokula bati.

Kabla hujatoa hata senti, chukua namba ya gari, ingia tovuti ya serikali ile ya kuangalia historia ya MOT, yaani ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, ni bure, inakuonyesha kila mwaka ilipita au ilifeli, maili ngapi na mkaguzi aliandika nini. Usiangalie kufeli, kila gari kuukuu imewahi kufeli, we soma yale maonyo ya pembeni. Ukiona mwaka huu kaandika kutu kidogo chini ya mlango, mwaka unaofuata kutu, wa tatu kutu tena na hakuna aliyegusa, basi mwenye gari alikuwa anangoja mtu kama wewe. Halafu nenda mchana, lala chini na tochi, bonyeza kwa kidole lile bati refu la chini ya milango, pande zote mbili, inua na kapeti la buti. Kutu ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka mkanda wa kiti au pale supenshen inaposhikia, gari haipiti, na usidhani utapiga puti na rangi kama nyumbani, hawakubali, wanataka bati lichomelewe.

Jambo la pili na hili naomba ulisome mara mbili. Wewe ni dereva mpya, ndani ya miaka miwili ya kwanza ukifikisha pointi 6 za makosa leseni inafutwa, unarudi kwenye provijino, leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia upya, wa barabarani upya. Tairi kipara moja ni pointi 3 na faini inaweza kufika paundi 2,500. Tairi moja hiyo! Mbili zikiwa vipara umemaliza pointi zako zote kwa siku moja na hujagonga mtu wala hujakimbiza. Kwa hiyo hela ya kwanza usinunulie spika, nunua tairi. Kipimo ni milimita 1.6, chukua sarafu ya peni 20 ichomeke kwenye mfereji wa tairi, ukiona ule ukingo wa nje wa sarafu umebaki wazi nenda kapime vizuri, yawezekana imeshaisha.

Na kuna mambo ya gereji zetu usiyalete huku. Dar gari ikichemsha fundi anang'oa thamostati, kile kidude kinachodhibiti joto la injini, anatupa, maisha yanaendelea. Huku ukitoa thamostati injini haipati moto, hita inapuliza baridi mwezi wa kwanza, kioo kinajaa ukungu huoni mbele, na mafuta inakunywa zaidi. Masega ya kwenye eksozi, yale yanayosafisha moshi, vilevile, ukiyatoa kipimo cha moshi kinakukamata. Na maji matupu kwenye rejeta usithubutu, weka kulanti, maji yakiganda yanapasua injini na hapo umebaki na banda la kuku.

Ikikataa kuwaka asubuhi ya mvua usikimbilie kununua betri. Micra za umri huo zina distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi, unyevu unaingia kwenye kile kifuniko. Kifungue, futa ndani kwa kitambaa kikavu, angalia vile vidoti vya ndani kama vimeota weupe, rudisha, piga stata. Mimi huwa nampigia video fundi wangu wa Keko, Dar, nawasha gari anasikiliza, juzi kaniambia "mzee hiyo inamisi, anza na plagi" na ilikuwa plagi kweli, jirani yangu Mwingereza alibaki kaduwaa.

Bi Shangazi, Leicester:

Mwanangu, hilo la mamako usilifanye hata kidogo, na mwambie kwa adabu maana amelisema kwa mapenzi. Kuandika mzazi ndiye dereva mkuu ilhali gari uko nalo wewe kila siku ni udanganyifu, makampuni yanalijua na jina wanalo. Siku ya ajali wanaweza kuifuta bima yote, na ukionekana uliendesha bila bima faini ni paundi 300 na pointi 6, yaani zile zile ambazo mjomba wako amezisema. Kinachokubalika ni wewe uwe dereva mkuu na mama aongezwe kama dereva wa ziada, mara nyingi bei yashuka, si siku zote, jaribu. Jaribu pia bima ya kisanduku, wanakufungia kifaa au programu ya simu waone unavyoendesha, wangu wa kiume alilalamika mwezi mzima kisha akazoea. Na ukibadilisha rimu au eksozi, waambie bima.

Lingine, wewe una binamu zako London, usiende nalo huko kichwa kichwa. Tangu Agosti 2023 ULEZ, ile tozo ya magari yanayochafua hewa, imefika mitaa yote ya London, petroli za kabla ya 2006 nyingi hazipiti, ni paundi 12.50 kwa siku. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya TfL, wale wasimamizi wa usafiri wa London, kwanza.

Na wale wageni mnaosoma hapa na leseni za Kenya au Tanzania, ni miezi 12 tu tangu uwe mkaazi, baada ya hapo ni mtihani, hawabadilishi.

Dada wa Leeds:

Mimi nina Yaris ya 2004, Vitz yetu ile ile, na siiuzi hata mniite nani. Inavuja maji sehemu sijaijua hadi leo, mlango wa nyuma unafunguka kwa ndani tu, nikipita hapa mtaani watoto wanajua mimi ndo nakuja. Lakini nimebadilisha pedi za breki mwenyewe nikiwa na mimba, baba yake mtoto kashika tochi 😂 Dogo ukikuta gari ya baada ya katikati ya 2003 yenye taa ya injini inawaka, jua haipiti MOT hivyo hivyo, na ile janja ya kung'oa balbu mkaguzi anaijua, anataka aione inawaka ukifungua swichi kisha izime. Yangu ilikuwa sensa ya eksozi, nilitoa ya kwenye gari la skrepa.

Dogo wa Coventry:

Asanteni sana wakubwa. Nimeenda na tochi. Upande wa abiria safi, upande wa dereva kidole kimezama! Mzee mwenyewe kashtuka, kashusha hadi 400, na fundi wa kuchomelea hapa anataka 180. Tairi za nyuma hazifai pia. Mama nimemweleza la bima, kanuna kidogo ila kakubali awe wa ziada. Nachukua. Baba leo hajacheka, kauliza lini tunaenda kuileta. Sasa swali, bima ya kuvutwa gari ikizima njiani, ile ya bei ya chini inatosha?

Kaka wa Glasgow:

Dogo soma maandishi madogo. Zile za chini nyingi haziji kama gari imezimia nyumbani kwako au ndani ya robo maili. Na March ya 2000 itazimia hapo hapo mlangoni kwenu asubuhi ya baridi, siyo motawei. Ongezea ile ya kuwashiwa nyumbani. Jampa kebo ninazo mbili, mwezi ujao nashuka Coventry harusini, nitakuletea moja.